Mwalimu Mwenye Miwani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimefungua shule. Wanafunzi walioandikishwa mmoja, waliohudhuria mmoja, watoro hakuna. Nimejaza kwenye daftari la mahudhurio kabisa, kwa wino wa bluu, maana mie nikiamua jambo silifanyi nusunusu.

Shule yenyewe ni kibaraza cha nyumba ya uani tunayopanga hapa Chamazi. Juu bati, chini saruji, ukutani ubao mweusi niliomwagiza seremala. Mwanafunzi ni mwanangu Elibariki, miaka tisa. Kashapita shule tatu. Ya kwanza walisema mtundu. Ya pili walisema ana mashetani. Ya tatu ndiyo ile niliyokuwa nafundisha mwenyewe, na humo mwalimu mwenzangu alimfungia stoo ya vitabu eti mpaka apoe. Hospitali daktari kasema ni usonji, na juu yake ana ugumu wa kusoma, herufi zinamgeukia. Si mjinga, anahitaji njia yake. Januari nikaandika barua ya kuacha kazi. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka kumi na sita. Watoto wa watu zaidi ya mia saba wamejua kusoma kupitia mkono huu, halafu nishindwe na mmoja niliyemzaa mwenyewe? Thubutu.

Madam Marietha, Afisa Elimu wa kata yetu, kanipa mpaka tarehe 30 Mei. Jina la Eli linabaki shule ya serikali ya jirani, mie namfundisha nyumbani, na siku hiyo anakuja mwenyewe kumpima. Akikuta mtoto anasoma, tunaendelea. Asipokuta, Julai Eli anakwenda bweni, shule yenye kitengo maalumu, huko mkoani. Nafasi imeshapatikana. Baba yake, Gaspar, ameshasaini. Nimemwambia hiyo saini ataifuta kwa ulimi. Akacheka, akidhani natania.

Jumanne, 4 Machi

Kengele ni rimu bovu la pikipiki na kipande cha nondo. Saa moja na nusu nimegonga, mwanafunzi katoka na sare yake, kasimama mstarini peke yake. Nimekagua kucha. Tumeimba. Kwa uzoefu wangu mtoto akijua anayefundisha ni mama yake, anadeka, kwa hiyo nimeweka sheria mapema.

"Eli, sikiliza. Nikivaa hii miwani, mie ni mwalimu. Mama hayupo. Unaniamkia shikamoo mwalimu. Nikiivua, mama karudi. Umeelewa?"

Akaitazama miwani kwa muda mrefu. "Mama kaenda wapi?"

"Sokoni."

"Sawa. Shikamoo mwalimu."

Nilijiona mjanja kweli.

Jumatano, 5 Machi

Ba, be, bi, bo, bu. Hola, hakuna kilichoingia.

Ijumaa, 7 Machi

Jioni nimevua miwani, nimekaa uani nachambua mchicha. Eli akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Mama."

"Ee baba."

"Leo mwalimu alipiga meza."

Nikaacha mchicha. "Alipiga kwa nini?"

"Nilisema da, ikawa ni ba. Mama, yule mwalimu ana sauti. Inaingia humu." Akagusa sikio.

Jamani! Nikamwuliza, kwani huyo mwalimu si ni mimi? Akanitazama kama mie ndiye mtoto. "Ndiyo. Lakini umevua miwani." Basi anajua kila kitu. Ila sheria nimeiweka mwenyewe, na Eli akishapewa sheria haipindishi hata uweke winchi. Nilipomsimulia Gaspar alicheka mpaka akatoka nje. "Mama Eli," anasema, "umeajiriwa na mwanao, na ripoti anakuletea mwenyewe." Mie sikuona cha kuchekesha kihivyo.

Jumatatu, 17 Machi

Masika imeingia leo, saa tatu na robo, katikati ya kuhesabu. Nilisahau jambo moja tu katika mipango yangu yote, kwamba mvua juu ya bati lisilo na dari si sauti, ni vita. Eli kaziba masikio, kapiga ukunga, kajing'ata kifundo cha mkono mpaka alama za meno zikabaki. Nimekaa naye chini ya meza saa nzima. Nimejaza daftari: amehudhuria, chini ya meza.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Chini ya meza.

Alhamisi, 20 Machi

Bi Somoe, mwenye nyumba wetu, anaishi nyumba ya mbele, ile iliyoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI. Mwezi huu wa Ramadhani analeta bakuli la futari karibu kila siku, leo mihogo ya nazi. Mtu mwema, lakini macho yake hayatulii. Kasimama mlangoni kwangu, huku akimwangalia Eli.

"Mama Eli, mwanangu, huyu mtoto mbona hatumwoni akienda shule?"

"Shule ndiyo hii, Bi Somoe."

"Hii?" Akaangalia rimu, akaangalia ubao. "Haya. Mungu ni mkubwa."

Sijaipenda hiyo Mungu ni mkubwa.

Jumanne, 25 Machi

Mtendaji wa mtaa kaja asubuhi na mgambo. Wamepata taarifa kuna mtoto anafichwa ndani. Anafichwa! Mie, mwalimu! Nimemtolea barua ya Madam Marietha, nikamsomea kwa sauti, mpaka nukta. Kaomba radhi kaondoka. Sikuhitaji kuambiwa aliyepeleka maneno.

Bakuli la Bi Somoe nimelirudisha tupu. Mie Mnyakyusa wa Tukuyu, ila miaka kumi na minne ya Dar imetosha kunifundisha kwamba hapa chombo cha jirani hakirudi kitupu. Nimelirudisha tupu makusudi, limeoshwa linang'aa. Alilipokea, akafunga mlango.

Jumatano, 2 Aprili

Tumetoka dukani baada ya masomo, mie bila miwani. Eli kasimama mbele ya ukuta wa Bi Somoe. Nikamvuta, hatoki. Akaweka kidole kwenye N, akaifuata juu, chini, juu. Akaenda Y. Dakika ishirini, watu wanapita wanatuangalia.

"Mama, hii inasemaje?"

"Nyumba hii haiuzwi."

"Kila siku inasema hivyohivyo?"

"Kila siku."

"Haibadiliki?"

"Haibadiliki."

Akashusha pumzi, kwa raha. Sijawahi kumwona akishusha pumzi hivyo mbele ya herufi.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimefanya kosa la kitaalamu. Nimevaa miwani, nikaandika ubaoni NYUMBA HII HAIUZWI, nikijua leo nimempata. Akafunga mdomo kama komeo, asubuhi nzima. Jioni nimepata ripoti: "Mama, mwalimu ameiba maneno ya ukutani."

Ijumaa, 11 Aprili

Nataka kuyaandika haya yote yalivyokuwa, nisijipendelee.

Mvua siku ya nne mfululizo. Maji uani yamefika kwenye vifundo vya miguu. Gaspar kaondoka alfajiri kwenda kazini bandarini, kaacha mezani orodha ya vitu vya bweni. Godoro, ndoo mbili, foronya, sanduku la chuma lenye kufuli. Sanduku lenye kufuli, kwa mtoto asiyeweza kufunga kamba za viatu! Nimeingia darasani nikiwa na hiyo orodha kichwani, na hilo ndilo kosa la kwanza.

Mvua ilipopungua nikaandika baba. Akasoma dada. Nikafuta, nikaandika tena, kubwa zaidi. Dada. Mara kumi na moja, nimehesabu. Sauti yangu ilikuwa imeshapanda, naijua. Mara ya kumi na mbili akainuka, akachukua daftari langu la mahudhurio, akalitupa uani kwenye maji. Ule wino wa bluu wa mwezi mzima ukaanza kutoka mbele ya macho yangu.

Nikashika rula ya mbao. Nikasema, "Nyoosha mkono." Akanyoosha. Nikamchapa mbili.

Hakulia. Aliutazama mkono, akaitazama miwani yangu, akauliza, "Tumemaliza?" Nikasema tumemaliza. Akaenda chumbani kwake akafunga mlango taratibu, kama mtu mzima.

Jioni nilikuwa nachagua mchele. Miwani nimeiacha kibarazani, juu ya meza. Akaja akasimama mbele yangu, akaufungua ule mkono.

"Mama, mwalimu amenichapa."

Mie ndiye niliyesema mama yuko sokoni. Nimempa mwanangu mwalimu, kisha nikamwondolea mtu wa kumshtakia, kumbe yeye hakukubali kuondolewa. Kasubiri mama arudi, kaja kushtaki.

"Pole, baba," nikasema. "Pole sana."

"Utamwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Asirudie. Wewe ni mama."

Akabaki amesimama pale, akingoja niende. Nikainuka. Nikaenda kibarazani, mtu mzima na akili zangu, nikasimama mbele ya miwani iliyo juu ya meza. Eli kwenye kizingiti, anasikiliza.

"Mwalimu," nikasema, "mie ni mama yake Elibariki. Mtoto wangu karudi na mkono mwekundu. Nilikukabidhi mtoto, sikukukabidhi ngoma. Kama hujui kumfundisha, sema hujui. Usimpige mtoto kwa kitu usichokijua wewe." Nilitaka niishie hapo, lakini yakaja mengine. Nikasema ana tisa tu. Nikasema wenzako watatu wameshamtesa, na wewe ulisema wewe si kama wao. Hapo nikalia mbele ya hiyo miwani, nikalia kweli.

"Amesemaje?" Eli akauliza.

"Amesema samahani."

"Kwako au kwangu?"

Nikavaa miwani. Nikapiga magoti ili tuwe sawa. "Elibariki, mwalimu anakuomba samahani. Nimekosa. Sitakuchapa tena, wala sitapiga meza."

Akafikiri. "Sawa, mwalimu. Mama yuko?"

Nikavua. Akaja mapajani, na Eli huwa haji mapajani kwa mtu.

Miaka kumi na sita nimechapa. Sikuwa katili, nilichapa kama walivyochapa wote, mbili za mkono, yameisha. Kuna mama mmoja alikuja mpaka getini na binti yake, nikamjibu mbele ya wazazi wenzake, "Kama wako ni yai, kamfiche kabatini." Leo nimeikumbuka sura yake. Yule mama alikuwa na haki na mie nilikuwa na jeuri. Ningejua anapoishi ningekwenda kesho.

Jumamosi, 12 Aprili

Rula nimeichoma jikoni. Imeivisha chai.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakuna tena rimu, hakuna mstari, hakuna kukagua kucha. Nilichojenga uani ni shule ileile iliyomtoa mbio, nikaipaka rangi yangu. Nilitaka kuacha na miwani pia, Eli akakataa. "Mwalimu haji? Leo Jumatatu." Haya, mwalimu kaja, ila kahamia nje.

Nimemwambia, "Leo mwalimu hajui maneno ya ukutani. Nani atamfundisha?"

Akanishika kidole akanipeleka kwa Bi Somoe. "Hii ni NYU. Haibadiliki."

Alhamisi, 17 Aprili

Mbele ya gereji: HAPANA KUEGESHA. Kwenye kona: USIKOJOE HAPA MBWA WEWE. Kalisoma hilo kwa sauti, silabi kwa silabi, mbele ya kijana aliyekuwa anafanya hichohicho. Kijana kakimbia na zipu wazi. Mwalimu alitakiwa kukemea, akashindwa, akacheka mpaka miwani ikadondoka.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imepita na mvua yake. Leo nina jambo la Gaspar la kuandika, na inabidi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu tangu Machi nimemwandika humu kama adui.

Saa kumi na moja karudi kutoka kazini na mfuko. Ndani kuna vile vifuniko vikubwa vya masikio wanavyovaa watu wa mitambo kule bandarini, ambako yeye ni karani. Kamwomba msimamizi wake vilivyochakaa, kaviosha, kapunguza mkanda kwa uzi wa nyavu utoshee kichwa cha mtoto. Mvua ikaanza saa kumi na mbili. Eli akapiga ukunga wa kwanza, Gaspar akamvisha. Ukunga ukakatika katikati. Mtoto akatazama juu kwenye bati, akatazama baba yake, akanyoosha mkono nje kibarazani ukalowa. Akaucheka! Mvua inanyesha ya kubomoa, na Eli anacheka.

Nikamwuliza Gaspar, "Siku zote hizi ulikuwa unawaza hili?"

"Tangu siku ya chini ya meza. Msimamizi alikuwa likizo."

"Na bado unataka aende bweni?"

Akakaa kwenye dawati la mwanawe, magoti yakagonga juu. "Mama Eli, mie sikusaini kumfukuza. Nilikuwa nawaza sie tukifa, nani atamjua huyu? Nikaona bora azoee watu wengine mapema. Halafu we ulivyo, mtu akikupinga unamkata kauli hata hajamaliza. Ningekwambia saa ngapi?"

Ningemjibu. Jibu nilikuwa nalo. Nikalimeza, nikamwekea chai.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua zimeosha ukuta wa Bi Somoe, rangi imebanduka na lipu yake. Asubuhi Eli kauona, kasimama, uso umembadilika. Nikajua leo tunalala hapa. Lakini hakupiga kelele. Kaenda mlangoni kwa Bi Somoe kagonga mwenyewe. Mtoto asiyeongea na watu! Nikamfuata mbio, miwani usoni.

"Shikamoo Bi Somoe. Nyumba yako haiu."

"Marahaba. Hai nini?"

"Nyumba hii haiu. ZWI imeondoka. Watu watafikiri inauzwa."

Bi Somoe katoka na kanga yake, kautazama ukuta, kamtazama mtoto, kisha kanitazama mimi. Tangu lile bakuli tulikuwa tunasalimiana kwa kidevu.

"Anasoma huyu," akasema.

"Anasoma."

"Mama Eli, mie ndiye niliyekwenda kwa mtendaji." Kasema hapohapo, bila kuzunguka. "Nilikuwa na mdogo wangu, yuko hivihivi. Mama yetu alimweka chumba cha nyuma mpaka anazikwa, wageni hawakujua kama yupo. Nilipoona wako hatoki, nikasema mara hii sinyamazi. Ukinichukia, nichukie."

Nilikuwa na hotuba nzima niliyoiandaa tangu Machi. Sikuikumbuka hata neno. Nikamwambia, "Bi Somoe, hata mie ningekwenda." Nikaongeza kwamba lile bakuli nilifanya ubaya. Akasema bakuli lipi, na wote tunajua anajua lipi.

Kopo la rangi nyekundu lilikuwa stoo kwake. Kampa Eli brashi.

Jumatano, 7 Mei

Siku tatu kaandika. Kila herufi kaipima kwa shibiri yake. Z kaifuta mara sita, kwa utulivu, bila kujing'ata. Imenyooka kuliko ya fundi wa kwanza. Bi Somoe kaleta kiti kakaa kumtazama, anawajibu wapita njia, "Huyu ndiye fundi wangu, msimsumbue." Nimempelekea ndizi za nyama, bakuli limejaa mpaka kifuniko hakifungi.

Jumatatu, 19 Mei

Anasoma chochote kilichoandikwa ili kifanye kazi: mabango, maboksi ya dawa, karatasi ya umeme, onyo la mtungi wa gesi. Kitabu cha hadithi anakifunga. "Sungura hasemi," anasema. Baba na dada bado vinamgeukia, ila sasa anasimama, anaweka kidole, anauliza tumbo la herufi liko upande gani. Zimebaki siku kumi na moja. Wasiwasi ninao. Hofu sina.

Ijumaa, 30 Mei

Madam Marietha kafika saa tatu kamili, kiatu kimejaa tope, faili mkononi. Mama wa makamo, sauti ya chini, hana makuu. Gaspar kaomba ruhusa kazini. Eli kakaa kwenye dawati na vifuniko vyake masikioni japo hata wingu hakuna. Mie nimevaa miwani.

Madam akatoa kadi ya hadithi. Tena hadithi ya sungura! "Elibariki, nisomee hapa."

Eli akatazama sakafu.

"Sentensi ya kwanza tu."

Sakafu. Dakika tano. Kumi. Gaspar ananiangalia, ninamwangalia. Nilitaka nitoke nimkokote Madam mpaka ukutani kwa Bi Somoe, nikasema, "Madam, twende nje, nje anasoma." Akajibu kwa upole kwamba kipimo ni hiki, watoto wote wanapimwa kwa hiki. Akafungua faili, akatoa fomu, akaiweka mezani, akaanza kuandika.

Eli akainua kichwa. Fomu. Mistari, visanduku, nambari. Akavua vifuniko, akainuka, akaja akasimama begani kwa Madam, kidole kwenye karatasi.

"Jina la mtoto. Elibariki." Kidole kikashuka. "Umri. Tisa. Jinsia. Me."

Madam kalamu ikamsimama. Hakugeuka.

"Mahali pa ku-jifu-nzia. Nyu-mbani." Neno nyumbani kalisema haraka, hilo anatoka nalo mbali. "Je, mtoto anapata chakula cha mchana? Ndiyo. Weka tiki hapo." Madam akaweka tiki. "Je, mtoto ana-pewa a-dha-bu ya vi-boko?"

Miezi mitatu nimeomba asome, naye kasoma, na kasoma hilo.

"Ndiyo," Eli akasema.

Gaspar akageuza shingo. Ile siku sikumwambia.

"Anakupiga nani?" Madam akauliza, taratibu.

"Mwalimu. Siku moja. Ijumaa. Mbili." Akaonyesha mkono upi. "Nikamwambia mama. Mama akaenda akamsema mwalimu, akamsema sana, akalia. Mwalimu akaomba samahani. Hajarudia."

"Mwalimu wako yuko wapi sasa?"

"Yule. Mwenye miwani."

Madam akanitazama. "Na mama yako?"

"Akivua."

Uongo sikuutafuta. "Ni kweli, Madam," nikasema. "Tarehe 11 Aprili. Andika ndiyo."

"Nikiandika ndiyo, Mwalimu Sekela, wa juu yangu atauliza."

"Aulize. Nitamjibu kama alivyojibu mtoto."

Akaandika. Kisha akaweka kalamu chini. "Naulizaga hili swali kila shule," akasema. "Watoto wananijibu hapana huku wanamwangalia mwalimu wao. Huyu hakukuangalia hata kidogo."

Uamuzi wake ni huu, nimeuandika akiwa anasema. Eli anaendelea nyumbani mpaka Desemba. Kuanzia Julai, Jumanne na Alhamisi anakwenda shule ya jirani kwa saa mbili tu, azoee watoto wenzake, na mie nakaa naye darasani. Madam atakuja bila taarifa, siku yoyote. Ile nafasi ya bweni inakwenda kwa mtoto mwingine anayeingoja. Gaspar akasema hizo saa mbili za shule ndizo alizokuwa anazitaka yeye tangu mwanzo. Sikubisha.

Madam alipoondoka Gaspar akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamwambia niliona aibu. Akanishika mkono, tukakaa hivyo mpaka chakula kikaungua.

Jumamosi, 31 Mei

Jua kali, nguo zimekauka asubuhi. Nimefunga muhula rasmi: mwanafunzi mmoja, amefaulu mmoja. Nikavua miwani nikaiweka kwenye boksi lake. Eli alikuwa anaangalia.

"Shule imefungwa?"

"Imefungwa mpaka Julai."

"Mwalimu anaenda likizo?"

"Anaenda."

"Kwao wapi?"

"Tukuyu."

"Anapanda basi stendi ya Mbezi Luis?"

"Anapanda hapohapo."

Akalitazama boksi. Nikajua kuna jambo linapikika, nikangoja. Siku hizi najua kungoja.

"Atarudi?"

"Wewe unataka arudi?"

Akalifunika boksi.

"Arudi," akasema. "Lakini aende peke yake. Wewe baki."